Mafuta ya kitimoto: jinsi ya kujua kilichomo kwenye kijiko, kuyayeyusha nyumbani na kuyapikia kwa kipimo

Chukua kijiko kikubwa, kile cha kulia wali, chota mafuta ya kitimoto, yani ya nguruwe, yaliyoganda afu pitisha mgongo wa kisu juu yakae flati. Hapo mkononi una gramu 13 hivi na kalori kama 115, na kalori zote hizo ni za mafuta matupu, hamna protini humo, hamna wanga, hamna nyuzinyuzi, hamna madini ya chuma, hata chumvi hamna. Nimeanza na kijiko makusudi kwasababu ubishi wote ninaousikia huku Mwanza kuhusu haya mafuta watu wanabishana bila kijiko, mmoja anasema sumu mwingine anasema dawa, na wote wawili wakifika jikoni wanamimina kwa upawa.

Kwetu Buhongwa ubishi uliingia ndani ya nyumba siku mama alivyorudi kliniki ya presha ameambiwa apunguze mafuta. Basi, apunguze mafuta, hakuambiwa mafuta gani wala kiasi gani wala apunguze kutoka ngapi kwenda ngapi, karudi ameshika kadi yake mnyonge. Baba mdogo alikuepo siku iyo, akasema shemeji achana nao, wazee wetu wamekula mafuta ya wanyama miaka yote na walikua wanalima ekari mbili kwa jembe la mkono. Mi nikamwambia baba mdogo kwa heshima zote, hao wazee walikua wanatembea na kulima kutwa nzima na nyama walikua wanaiona kwa msimu, mama anakaa dukani toka asubuhi mpaka saa mbili usiku, hesabu haiwezi kua moja. Akanyamaza kidogo afu akaniuliza swali zuri sana, sasa kijiko kimoja kina nini humo ndani? Nilikua sina jibu. Nikatafuta mzani wa jikoni, nikakaa na hesabu, na haya ninayoandika ndio nilichokipata na ndivyo tunavyofanya nyumbani mpaka leo.

Kwanza zijue hizi namba, hazizidi tano

Kwenye gramu 100 za mafuta safi ya nguruwe kuna kalori 900 hivi. Mafuta yoyote safi, yawe ya alizeti, pamba, mawese au nguruwe, yanacheza humo humo kwasababu gramu moja ya mafuta inatoa kalori 9. Kwaiyo ukisikia mtu anasema mafuta fulani hayanenepeshi, jua anakosea, kwenye kalori mafuta ni ndugu. Siagi ndio inashuka mpaka kwenye 717 na sababu ni kwamba ndani yake kuna maji.

Wanapotofautiana ni ndani. Mafuta yamegawanyika makundi matatu na ni vizuri uyajue. Kuna yaliyoshiba, hayo ndio yanafanya kitu kigande kwenye kopo. Kuna yasiyoshiba ya kundi la mzeituni, yenye asidi inaitwa oleiki, hayo ni laini. Na kuna yasiyoshiba ya kundi la alizeti, laini zaidi ila yanaharibika haraka yakikaa kwenye joto na hewa. Sasa mafuta ya nguruwe kwenye gramu 100 yana 39 za yaliyoshiba, 45 za yale ya kundi la mzeituni, na 11 za yale ya kundi la alizeti. Yani sehemu kubwa kuliko zote sio ile inayoogopwa, ni ile ya katikati. Watu wengi ukiwaambia hivo wanakataa kwasababu wanaona limeganda jeupe kama mshumaa, wanadhani lote ni la kuganda.

Ila usishangilie mapema, 39 sio ndogo. Linganisha na mafuta tunayoyajua huku. Alizeti ya Singida ina 10 tu za yaliyoshiba. Mafuta ya pamba, ambayo sisi wa kanda ya ziwa ndio tunaolima pamba yenyewe, yana 26. Mawese yanayoshuka kutoka Kigoma yana 49. Mafuta ya ng'ombe 50, siagi 51, samli 62 hivi, na ya nazi yanapita 80. Kwaiyo kitimoto kinakaa katikati, kinamshinda ng'ombe, samli na mawese kwa ubora wa moyo ukitazama hii namba moja, na kinashindwa na alizeti kwa mbali sana. Mtu anayekula mgagani wenye samli kila siku afu anamcheka jirani yake kwa mafuta ya kitimoto, hesabu haimsaidii.

Namba ya nne ni kolestero, au lehemu kama wanavyosema kwenye mabango ya afya. Gramu 100 zina miligramu 95, kijiko kikubwa kimoja kina 12 hivi. Yai moja kubwa lina zaidi ya 180. Watu wanaogopa kolestero iliyopo kwenye chakula wakati kinachopandisha kolestero ya damu zaidi ni yale mafuta yaliyoshiba, na hapo ndipo macho yanatakiwa kua. Mafuta ya mimea hayana kolestero kabisa, kwaiyo hata ile chupa iliyoandikwa kwa herufi kubwa haina kolestero haijakupa habari mpya, zote hazina.

Ya tano ni kiwango cha siku. Shirika la Afya Duniani linashauri mafuta yaliyoshiba yasizidi asilimia 10 ya kalori zako za siku. Mtu anayekula kalori 2,000 ina maana asipite gramu 22 hivi. Kijiko kikubwa kimoja cha mafuta ya nguruwe kina gramu 5. Vinne tu umeshafika 20, na bado hujala nyama yenyewe, hujanywa maziwa, hujagusa andazi.

Vitamini nazisema haraka kwasababu hamna cha kusimulia. Vitamini A hamna, C hamna. E ipo kidogo, miligramu 0.6 kwenye gramu 100, wakati alizeti ina 41. Vitamini D ipo, na hii ndio watu wanaipamba sana, ni kweli nguruwe aliyeshinda juani anaihifadhi kwenye mafuta, lakini kijiko kikubwa kina maikrogramu 0.3 wakati mtu mzima anahitaji 15 kwa siku, na sisi tunaishi chini ya Ikweta kidogo tu, jua la Mwanza liko bure mlangoni. Omega-3 nayo ni kidogo, gramu 1 hivi kwa gramu 100, ukiitaka hiyo nenda Mwaloni Kirumba ununue dagaa au samaki.

Kununua

Kwenye bucha usiseme tu nipe mafuta, utapewa mchanganyiko wa ngozi, mishipa na vinyama. Mafuta ya nguruwe yako sehemu tatu na kila moja ina kazi yake. Yale yanayozunguka figo ndio safi kuliko yote, meupe, yanavunjika vunjika mkononi, yakiyeyuka hayana harufu kabisa na ndio ninayoyataka kwa chapati. Ya mgongoni, chini ya ngozi, ni magumu na yanatoa mafuta mengi, haya ndio ya kukaangia. Yale ya tumboni kama wavu yanayofunika utumbo, siyachukui, yana harufu na kusafisha kwake ni kazi ya nusu siku. Muuzaji wangu kule Igoma nikishamsalimia mwangaluka anajua, ananiwekea ya figo pembeni.

Muulize nguruwe alikua anakula nini. Hili swali linaonekana la ajabu lakini kwa huku ziwani ni la muhimu kuliko bei. Nguruwe tumbo lake ni moja kama letu, sio kama ng'ombe mwenye tumbo la vyumba vinne ambaye anabadilisha kila kitu humo ndani, kwaiyo mafuta anayokula nguruwe yanakuja kukaa mwilini mwake karibu vilevile. Aliyelishwa pumba za mahindi na viazi anatoa mafuta magumu meupe. Aliyelishwa mashudu ya alizeti kwa wingi mafuta yake yanalegea. Na aliyelelewa kando ya mwalo kwa mabaki ya dagaa na vichwa vya sangara, mafuta yake ni laini kama uji, yakipata moto nyumba nzima inanuka samaki, na hayakai, ndani ya muda mfupi yanabadilika ladha. Niliwahi kununua kilo tatu za namna hiyo kwa sababu zilikua bei nafuu na chapati zote zikawa na harufu ya dagaa, wanangu hawakula hata moja. Kwaiyo hata zile namba zangu za juu, 39 na 45 na 11, zichukulie kama wastani, kwa nguruwe mwenye mafuta laini ile ya yasiyoshiba inapanda.

Hakikisha nyama imepimwa, angalia muhuri. Nguruwe wanaozurura wanapata minyoo ya tegu na ukiona kwenye nyama vitu kama punje nyeupe za mchele achana nayo kabisa, usishawishike na bei. Moto wa kuyeyusha unaua lakini mtu anayenunua nyama yenye punje leo kwa ajili ya mafuta kesho atainunua kwa ajili ya rosti isiyoiva.

Kuyeyusha

Kilo moja ya mafuta mabichi ya figo inanipa kama robo tatu kilo ya mafuta safi, ya mgongoni inapungua kidogo kutegemea ngozi. Osha, toa vinyama vyote na damu, kausha kwa kitambaa. Yaweke kwenye friji saa moja yagande ndio uyakate, ukikata yakiwa ya moto wa mchana yanateleza na utajikata. Kata vipande vya ukubwa wa kete ya bao au vidogo zaidi, vikiwa vikubwa nje vinaungua ndani bado vibichi.

Sufuria nzito, yenye kitako kinene, ndio nzuri. Weka vipande na maji kidogo, kwa kilo mbili natia nusu kikombe. Maji haya kazi yake ni kuzuia vipande vya chini visiungue kabla mafuta hayajatoka, na yatakauka yote yenyewe. Chumvi usitie, kitunguu usitie, wengine wanatia tangawizi toka mwanzo ili kukata harufu, mi sishauri, chochote chenye maji kinachobaki humo ndicho kinaozesha kopo lako baadae.

Moto uwe mdogo. Kwenye jiko la mkaa nasubiri mkaa ushike wote afu naufunika majivu mpaka nikiweka kiganja juu naweza kuvumilia. Usifunike sufuria, mvuke utoke. Geuza na mwiko mara kwa mara. Mwanzoni utasikia inachemka kwa kelele kama mvua kwenye bati, hayo ni maji, na mafuta yatakua na ukungu. Ikifika kama saa moja kelele inapungua, mafuta yanakua maangavu unaona mpaka chini, vipande vinageuka rangi ya dhahabu na kuanza kuzama. Hapo ndio penyewe. Ukitaka mafuta meupe yasiyo na ladha kwa ajili ya maandazi na chapati, epua hapo hapo. Ukiacha yaendelee yanakua ya kahawia na ladha ya kitimoto inaingia, hayo ni matamu kwenye maharage lakini yameshaanza kuchoka.

Usiyaache yatoe moshi. Mafuta ya nguruwe yanaanza kutoa moshi kwenye nyuzi joto 190 hivi, na moshi ule unaowasha macho ndio dalili kwamba yanavunjika na kutengeneza vitu visivyofaa mwilini. Watoto wasiwe karibu, na kama bahati mbaya yameshika moto usimwage maji hata tone, funika mfuniko na usiisogeze sufuria mpaka moto uzimike na ipoe, maji yakigusa mafuta yanayowaka moto unaruka mpaka darini.

Chuja yakiwa ya moto kiasi, sio ya kuchemka, kwa chujio lenye kitambaa safi kikavu, kwenye chupa ya kioo au kopo la chuma. Plastiki hapana. Chombo kiwe kikavu kabisa, hapa watu wengi ndio wanaharibu, wanaosha kopo dakika hiyo hiyo wanamimina, matone ya maji yanakaa chini na wiki mbili baadae wanaona ukungu wanalaumu nguruwe.

Vile vipande vya kahawia vinavyobaki kwenye chujio, najua, vinanukia na vina utamu wake na chumvi na pilipili na ndimu. Jua tu kwamba bado vina mafuta mengi ndani na ile chumvi unayoinyunyizia juu ndio adui wa mwenye presha kuliko hata mafuta yenyewe. Kwetu mama hapewi. Wengine tunatia kiganja kimoja kwenye sufuria ya maharage ya watu sita, yanatosha kuunga bila kuongeza mafuta mengine.

Kupikia, na hesabu ya vichwa

Hii ndio sehemu nataka uishike. Usihesabu mafuta kwa sufuria, hesabu kwa vichwa. Siku ile na mzani niliupima upawa wangu wa kila siku, ule tunaodhani ni kidogo tu wa kukaangia kitunguu, nikakuta unabeba vijiko vikubwa vitano. Upawa mmoja kalori 575 na gramu 25 za mafuta yaliyoshiba. Rosti yetu ya Jumapili ilikua inaingia pawa mbili, tunakula watu wanne, ukigawanya kila mmoja anapata gramu 12 na nusu za yaliyoshiba kutoka kwenye mafuta ya kukaangia peke yake, zaidi ya nusu ya siku nzima, na kitimoto chenyewe kinatoa mafuta yake humo humo kwenye karai. Hapo ndipo nilipoona tatizo letu lilikua upawa, nguruwe tulikua tunamsingizia.

Tulichofanya, kwenye kopo la mafuta tumefunga kijiko kwa kamba. Upawa hauingii humo. Mboga ya majani ya watu watano, mchicha au msusa au mgagani, naweka vijiko vikubwa viwili, inakua kalori 46 na gramu 2 za yaliyoshiba kwa kila mtu. Na usipike mboga za majani bila mafuta kabisa kwa kuogopa, ile rangi ya kijani iliyokolea na ile ya chungwa kwenye viazi lishe ina kitu ambacho mwili unakigeuza vitamini A, na hakifyonzwi vizuri bila mafuta kidogo. Kijiko cha chai kimoja kwa mtu kinatosha kwa kazi hiyo. Mafuta ya aina yoyote yanafanya, sio lazima ya nguruwe.

Kitimoto chenyewe sikiwekei mafuta tena. Nakata nyama, naiweka kwenye karai kavu na maji kidogo, mafuta yake yanatoka, yakishatoka nayachota nabakiza vijiko viwili ndio nakaanga kitunguu na hoho. Yale niliyoyachota siyarudishi kwenye kopo safi, yana chumvi na maji ya nyama, nayatumia kesho yake au siyatumii. Na ukienda kula kwenye mabanda, kavu na rosti hazifanani, kwenye kavu mafuta mengi yamebaki kwenye karai, kwenye rosti yako yote kwenye mchuzi na ukichovya ndizi mpaka sahani ing'ae umeyabeba yote. Nusu kilo ya watu wawili ni nzuri, ikija ya mtu mmoja kila Ijumaa na Jumamosi hapo ndio mahesabu yanakataa.

Chapati ndio haya mafuta yanapofanya kazi ambayo alizeti haiwezi. Kwa kuwa yanaganda, ukiyapaka kwenye unga yanakaa katikati ya matabaka hayanywewi, chapati inachambuka. Kilo moja ya unga natumia vijiko vikubwa sita kwa kukandia na kupaka, natoa chapati 15, kila moja inabeba kalori 46 za mafuta na gramu 2 za yaliyoshiba, kabla ya ya kuchomea. Mbili asubuhi na chai haina shida. Ukilinganisha na yale mafuta ya kuganda ya viwandani ya zamani, yaliyotengenezwa kwa kugandisha mafuta ya mimea nusu, haya ni afadhali sana. Ile njia ya kugandisha ndio iliyoleta mafuta yanaitwa transi, ambayo ni mabaya kwa moyo kuliko hata yaliyoshiba. Kule Marekani mwaka 1911 walianza kuuza mafuta ya pamba yaliyogandishwa kwa jina la Crisco yachukue nafasi ya mafuta ya nguruwe jikoni, na mwaka 2015 mamlaka ya chakula ya hukohuko ndio ikatamka kwamba mafuta yaliyogandishwa nusu hayahesabiki tena kuwa salama kwenye chakula. Miaka zaidi ya mia. Kwaiyo ukinunua kopo lolote la mafuta ya kuganda, hata lililoandikwa la nguruwe, soma nyuma, ukikuta neno haidrojeneti kwa tahajia yoyote lirudishe.

Kukaangia mihogo au samaki yanafaa, ila yapashe moto wa kati, tupia kipande cha kitunguu, kikielea na kuchemka taratibu weka chakula, kikiungua palepale punguza. Mafuta yaliyokaangia mara mbili yakawa meusi, yenye povu, usiyaongezee mapya juu yake kama wanavyofanya wengi barabarani, ile nyeusi haipotei inagawanyika tu.

Na hili nasema kwa uzito. Kama unauza maandazi, chipsi au mihogo na unakaangia mafuta ya kitimoto, mwambie mteja kabla hajanunua. Mwanza tunaishi Waislamu, Wasabato, Walokole, Wakatoliki kwenye mtaa mmoja, dada yangu wa kwa shangazi ni Msabato na akija kwangu sufuria yake iko pembeni, mwiko wake pembeni, mafuta yake ya alizeti pembeni, na anakula kwa amani. Kumlisha mtu kitu ambacho imani yake imekikataa bila yeye kujua ni dhuluma, hata kama hatakuja kujua.

Nani apunguze zaidi

Mwenye ugonjwa wa moyo, aliyepimwa kolestero ikakutwa juu, na mwenye kisukari, hawa mafuta ya kila siku yawe ya alizeti au mimea mingine laini, kwasababu kubadilisha yaliyoshiba kwa yasiyoshiba kunashusha ile kolestero mbaya, hilo limethibitishwa vizuri. Ya kitimoto yawe ya mara moja moja na kwa kijiko cha chai, chenye gramu 4 na kalori 38 hivi. Nenda na swali kamili kwa daktari, usiulize nile mafuta au nisile, mwambie natumia vijiko vingapi kwa siku na vya mafuta gani, utapata jibu tofauti kabisa na lile la punguza mafuta. Mama alivyorudi kliniki mara ya pili na karatasi yenye vijiko, nesi alikaa nae nusu saa.

Mi mwenyewe ambaye sina shida hizo, maoni yangu ni alizeti kwa kila siku, kitimoto mara mbili kwa wiki, kwenye chapati na maharage ambako ladha yake inaonekana. Sioni sababu ya kuyafanya ya kila siku, na sioni sababu ya kuyatupa pia wakati nguruwe ameshachinjwa.

Kuhifadhi na kuosha

Kwenye friji yanakaa miezi kadhaa kwenye kopo lililofungwa. Nje ya friji, kwa joto letu la mchana, yanalegea na kuanza kubadilika, kwaiyo weka kidogo cha wiki moja kwenye kabati lenye giza, mbali na jiko, mengine yafiche kwenye baridi. Umeme ukikatika siku mbili hayajafa, yanuse tu. Yaliyoharibika yananuka kama rangi ya mafuta ya kupakia ukuta na ukionja yanakwaruza kooni. Andika tarehe kwenye kopo kwa peni ya alama, na chota kwa kijiko kikavu siku zote.

Sufuria usiiweke majini ikiwa na mafuta. Ipashe kidogo, futa kwa gazeti au majani ya mgomba, gazeti lile linawashia mkaa kesho. Afu tia majivu kiganja kimoja na maji ya moto, sugua, majivu na mafuta vinakuwa kama sabuni na sufuria inang'aa. Yale mafuta meusi yaliyochoka yasubiri yagande, yafunge kwenye mfuko uyatupe na taka. Usiyamwage kwenye mtaro yakiwa ya moto ukadhani yameondoka, yanagandia mbele kidogo yanashika taka, na mitaro mingi ya mjini inaishia mto Mirongo, na Mirongo unaingia ziwani.